Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana: Kabla ya Kimbunga Kijacho, Tuhakikishieni Tutarudi Makwetu

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kwa Mkurugenzi wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na kwa magavana wa Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima. Mimi ni mzaliwa wa Vanga, kule mwisho wa Kwale mpakani, na miaka mingi ya utu uzima wangu nimeishi Nairobi, mtaa wa Pumwani. Nawaandikia nikiwa hapa kwa sababu amri ya kuhamisha watu wa mwambao, siku itakapotolewa, itasomwa hapa mbele ya kamera, kisha isafiri zaidi ya kilomita 500 hadi kwa mtu anayeambiwa afunge mlango wake atoke.

Ninalotaka kuwaambia ni moja. Mkiamuru watu wahame kabla ya kimbunga kufika, wengi hawatahama, hata kama wameuamini utabiri wote. Bahari wanaijua. Wasilolijua ni kama watayakuta makao yao wakirudi, na swali hilo halijajibiwa na ofisi yoyote.

Tumekua tukiambiwa kwamba vimbunga ni balaa la Msumbiji na Madagaska. Sababu yake ni ya kweli: kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo hufifia, kiasi kwamba ndani ya nyuzi tano hivi za latitudo kila upande wa mstari ule vimbunga huzaliwa kwa nadra sana. Pwani yetu yote, tangu Kiunga hadi Vanga, iko ndani ya nyuzi hizo. Lakini majirani zetu walio hatua chache tu kusini wameshaonja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaingia Cabo Delgado, huko Msumbiji, majuma sita tu baada ya kimbunga Idai kuibomoa Beira. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam, kwa bahati kikadhoofika kabla ya kutua. Kisha ukaja Mei 2024: Hidaya kikatua kisiwani Mafia tarehe 4, na kabla mwezi haujaisha Ialy nacho kikasogea upande wa Kenya na Somalia. Sidai kwamba kijacho kitatua Kwale. Nasema tu kwamba bahari ikichafuka kati ya Mafia na Mombasa, mawimbi hayasimami mpakani Horohoro kugongewa pasipoti.

Wakati wa Hidaya mlitoa onyo, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Ijumaa tarehe 3 Mei Rais alilihutubia taifa akasema huenda Kenya ikakabiliwa na kimbunga kwa mara ya kwanza. Kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa, uvuvi na shughuli za ufukweni zikasimamishwa. Jioni ile simu yangu haikupumzika, maana watu wa nyumbani huamini kwamba sisi tulio Nairobi tunaambiwa zaidi.

Shangazi yangu alipiga baada ya magharibi.

"Mwanangu, huko mmeambiwa nini? Huku tumeambiwa kunakuja kimbunga, tukae tayari. Tayari kufanya nini?"

Nikamsomea taarifa niliyokuwa nimetumiwa. Ilikuwa ya Kiingereza, nikawa namfasiria neno kwa neno. Nilipofika kwenye kasi ya upepo akanikatiza.

"Upepo unatoka wapi, kusi au matlai? Na utaingia maji yakiwa bamvua au maji mafu?"

Taarifa haikusema upepo unatoka wapi, wala kama maji yatakuwa ya bamvua, yanapojaa kupita kawaida, au mafu, yanapojaa kidogo. Yeye mwenyewe alijua kwamba mwezi ulikuwa haujaandama, bamvua ilikuwa bado siku kadhaa, lakini alitaka kusikia kama na wakubwa walilijua hilo. Kwa Vanga ndilo swali lenyewe. Maji ya bamvua peke yake, bila kimbunga, huingia mjini mpaka vibarazani. Upepo mkali ukiyasukuma siku hiyo, itakuwa habari nyingine kabisa.

Naomba niwasimulie alivyojitayarisha usiku ule, kwa sababu naona hamna picha ya mtu wa mwambao anapojiandaa. Alitoa vitambulisho vya watu wote wa nyumba, kadi ya kliniki ya mjukuu, na karatasi moja iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo: maandikiano ya kununuliana kiwanja, ya mkono, yenye sahihi za mashahidi wawili ambao sasa ni marehemu. Hati miliki hawana. Akavitia vyote ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko, akaizungushia utepe wa kunata, akaifunga kwa kamba juu kwenye boriti. Magodoro yakapandishwa juu ya meza. Madumu yakajazwa maji ya kisima mapema, kwani chumvi ikishaingia kisimani haitoki leo wala kesho. Huko ufukweni ami yangu na vijana walilivuta dau hadi nyuma ya mikoko, wakang'oa mlingoti, wakabeba mashine begani hadi nyumbani. Hakuna ofisa aliyewafundisha hayo.

Nikamwambia, "Shangazi, asubuhi panda gari, nenda Lunga Lunga kwa wakwe mpaka mambo yatulie."

Akaniuliza, "Na nyumba nimwachie nani? Kwani wewe uko Nairobi, hukuona ya Mathare?"

Nilikosa la kumjibu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Waheshimiwa, mnakumbuka yaliyokuwa yakiendelea hapa mjini wiki zilezile. Aprili 24 mito ilikuwa imefurika Mathare na Mukuru, watu wakafa, wengine wakalala juu ya mapaa. Mvua za msimu ule ziliua karibu watu 300 nchini kote. Ikatolewa amri ya saa 24 kwa walio kandokando ya mito na mabwawa wahame, na baada ya amri yakaja matingatinga. Runinga zilionyesha watu wakiokota mabati yao mbele ya koleo la chuma. Ikaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila kaya ikapangishe kwingine. Sibishani nanyi kwamba kingo za mto si mahali salama pa kulala mtoto. Ninalosema ni kwamba nchi nzima ilikuwa inatazama, na watu wa Vanga, Kipini, Ngomeni na Faza walijifunza kitu kimoja: serikali ikisema toka kwa usalama wako, nyumba imekwenda. Somo hilo liliingia vichwani siku zilezile mlipokuwa mnawaonya kuhusu Hidaya.

Na Pwani somo hilo liliangukia kwenye donda la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa mwambao waende kuandikisha madai yao. Waliojua njia za serikali waliandikisha, ardhi ya wengine ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mtu asiye na hati, ushahidi wake ni yeye mwenyewe kuwapo pale. Ni minazi aliyoipanda, choo alichokichimba, moshi wa jiko lake asubuhi. Mkimwondoa kwa wiki mbili mmemwondolea ushahidi. Kila mwanakijiji anao mfano wa jirani aliyekwenda kuuguza mgonjwa mjini akarudi akakuta uzio wa seng'enge na mlinzi mwenye mbwa. Kwa mtu huyo kimbunga ni hatari ya siku mbili, na uzio ni hatari ya maisha. Akipima, anabaki.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili, na mengine yote niliyo nayo ni madogo kando yake. Kabla ya msimu wa vimbunga kuanza Novemba, tangazeni kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwamba sehemu yoyote itakayohamishwa kwa sababu ya kimbunga au mafuriko ya bahari haitabomolewa, haitapimwa, haitazungushiwa uzio wala kugawiwa mtu mwingine hadi waliokuwamo wamerudi na kusikilizwa. Machifu na wazee wa mitaa wapite sasa, bahari ikiwa shwari, nyumba kwa nyumba: jina la mwenye makao, mipaka yake na majirani zake, picha moja ya nyumba. Nakala ibaki kwa chifu, nyingine kwa kamishna wa kaunti, na ya tatu apewe mwenyewe aitie kwenye ndoo yake. Karatasi hiyo haitakuwa hati miliki, na msiwaahidi kwamba ni hati miliki. Iwe tu ushahidi kwamba siku ya kuhama fulani alikuwa hapa. Tangazo lisomwe misikitini Ijumaa na makanisani Jumapili, na lirudiwe barazani. Mkifanya hilo tu, mtahamisha watu wengi kuliko mtakavyohamisha kwa ving'ora na polisi wenye virungu.

Kama mnaona nazidisha mambo ya mali wakati roho za watu ziko hatarini, tazameni Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kimoja kiliua kule watu wasiopungua 300,000. Tangu 1972 wamejenga mpango wa wakazi wa kujitolea, vijana na akina mama wa kijiji chenyewe, wanaopita na vipaza sauti na bendera kuwaarifu jirani zao. Wamejenga makimbilio ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo siku za kawaida ni shule. Na wamefanya jambo moja ambalo ofisini lingeonekana la kipuuzi: wameinua vilima vya udongo kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Waligundua kwamba watu walikuwa wakikataa kuondoka kwa sababu ya mifugo, basi wakaitafutia mifugo mahali. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokuja walihamisha watu zaidi ya milioni 2, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Kwao kilichomzuia mtu kilikuwa ng'ombe. Kwetu ni kiwanja.

Hata jirani zetu wa Msumbiji, ambao umaskini wao tunaujua, wana kamati za vijiji na bendera za rangi: buluu kwamba kimbunga kiko siku moja au mbili mbali, njano kwamba kitafika ndani ya siku moja, nyekundu kwamba zimebaki saa chache. Mzee asiye na simu huiona bendera. Sisi tuna vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi wenyewe vya kusimamia fukwe, kwenye kila bandari ndogo ya wavuvi, vina orodha ya vyombo na ya wenyewe. Wapeni bendera na redio za upepo, na muwape ujumbe kwa Kiswahili wanachokitumia baharini, unaotaja upepo utavuma kutoka wapi, maji yatajaa saa ngapi, na kama ni bamvua. Stesheni kama Pwani FM zipo na zinasikilizwa. Na tafadhali, waacheni wataalamu wa hali ya hewa waseme wenyewe. Oktoba 2023 tulisikia kutoka juu kabisa kwamba mvua kali za El Niño hazitakuja. Kufikia mwisho wa mwaka mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Neno la mtabiri likishageuzwa mara moja na mwanasiasa, mara ya pili mvuvi hulipokea kwa mashaka.

Nina jambo jingine linaloninyima usingizi, na sijawahi kulisikia likitajwa katika mkutano wowote wa maafa unaoonyeshwa kwenye taarifa ya habari. Ni wagonjwa wa visiwani. Mwanamke wa Kizingitini au Faza uchungu ukimshika na ukawa mgumu, njia yake ni bahari hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Wa Wasini ni vilevile, mpaka avuke hadi Shimoni. Mkisimamisha vyombo kwa sababu ya kimbunga mtakuwa mmefanya sawa kabisa, lakini kwa amri hiyohiyo mmemfungia yule mama njia. Wauguzi wa zahanati wanayo madaftari ya kliniki, wanajua nani amefika miezi tisa. Wanajua nani anatumia dawa ya sukari inayotaka baridi, na nani hutoka kisiwani kwenda kusafishwa figo. Onyo la kwanza likitoka, bahari ikiwa bado inapitika, mashua itumwe kuwachukua hawa na mtu mmoja mmoja wa kuwatunza, wapewe mahali pa kulala karibu na hospitali. Ni watu wachache kila kisiwa. Kikosi cha walinzi wa pwani kilichozinduliwa 2018 kina vyombo. Kazi hii ingekifaa.

Kimbilio nalo liwe mahali panapojulikana kwa jina kabla ya siku yenyewe. Vijiji vingi vya mwambao majengo ya mawe ni shule na msikiti, basi yakaguliwe sasa mapaa yake na yaliyo bondeni yaondolewe kwenye orodha. Kuwe na vyoo vya wanawake mbali na vya wanaume, na sehemu ya faragha ya kulala. Nawaambia bila kuficha, wapo akina mama watakaochagua maji kuliko kulala ukumbi mmoja na wanaume wasiowajua.

Siku mnayokataza uvuvi, nyumba ya mvuvi haipiki. Unga na mchele wa siku tatu utolewe pamoja na katazo, kwa orodha ya BMU, na wengi watalitii.

Tena kuna mto Umba. Chanzo chake ni milima ya Usambara, Tanzania. Mvua ikinyesha Lushoto, maji yanamfikia mtu wa Vanga aliye chini ya jua. Bahari ikiwa imejaa kwa upepo na mto ukashuka siku hiyohiyo, mji unabanwa pande mbili, na barabara ya Lunga Lunga ndiyo ya kwanza kukatika. Maofisa wa Kwale na wa Tanga wapigiane simu moja kwa moja. Habari ya mto isilazimike kupanda Dodoma, ivuke Nairobi, ndipo ishuke tena Vanga.

Fedha, najua, ndilo jibu litakaloletwa. Katiba katika kifungu cha 208 imeweka hazina ya dharura ya taifa, na sheria ya fedha za umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na zao. Lakini hazina hizo hufunguliwa jambo likishatokea, na mabasi, madumu na mafuta ya mashua yanahitajika kabla. Basi matayarisho yawe kwenye bajeti ya kawaida ya kaunti kama barabara na dawa, yenye mstari wake, ili mwakilishi wa wadi aulizwe barazani zilikwenda wapi.

Tena msiseme haliwezekani Kenya. Desemba 26, 2004, tsunami ilipovuka bahari kutoka Sumatra, tulikuwa na saa kadhaa na tulizitumia. Polisi waliwaondoa watu fukweni, na kwetu alikufa mtu mmoja, wakati Somalia walikufa karibu 300. Kweli, ilitusaidia kwamba maji yalikuwa yamekupwa. Lakini watu walitoka kwa sababu waliombwa kuondoka mchangani kwa jioni moja, na kila mmoja alijua kwamba usiku atalala kwake.

Jibu lenu msinitumie mimi huku Pumwani. Libandikwe kwenye ofisi za machifu kuanzia Vanga hadi Kiunga kabla ya Novemba, kwa Kiswahili, likitaja ni kimbilio gani kwa kijiji kipi, mashua ya wagonjwa itatoka wapi, na nani ametia sahihi kwamba waliohama watarudi kwao. Chini yake muandike jina la ofisa na nambari ya simu inayopokelewa usiku.

Wenu katika uraia,
Mzaliwa wa Vanga, mkazi wa Pumwani, Nairobi